Ganzi ya Vidole Viwili

— Fundi, unatokwa damu.

Mteja ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama juu ya kigoda na gauni jeupe lililojaa pini kiunoni, na kwenye pindo lilikuwa limeshaingia doa jekundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Fundi aliutazama mkono wake wa kushoto. Pini ilikuwa imezama kwenye kidole kidogo hadi kichwani, na yeye hakuwa amesikia chochote.

Alicheka, akasema pini na fundi ni ndugu wa damu, akalisugua doa kwa sabuni na maji baridi mpaka likatoka. Mteja alipoondoka tu, alivuta pazia la chumba cha kujaribia nguo akajibanza humo. Akakibinya kidole kidogo. Hakuna kitu. Akakibinya cha pete. Hakuna kitu. Akachukua simu, akaandika: ganzi vidole viwili mkono wa kushoto.

Laiti angefunga simu akaenda kwa daktari. Simu haina macho ya kumtazama mtu usoni, ikajua lipi la kumwambia leo na lipi limsubiri kesho. Ilianza na upungufu wa vitamini, ikapita kisukari, ikagusa kiharusi, na alipoteremka zaidi ikamfikisha kwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoanza na vidole, ukapanda mkono, ukamaliza mwili, na dawa hauna. Hapo ndipo alipoganda. Mwenye hofu hapewi majibu kumi akachagua lenye nafuu.

Harusi yake ilikuwa imebaki wiki tatu. Mchumba wake alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, mcheshi kupita kiasi, mwenye nywele timutimu, na ukimuuliza kwa nini hazichani anakujibu kwamba kinyozi hajinyoi. Fundi alimpenda hadi akawa anaogopa kumpoteza. Mama mzazi wa Fundi aliugua kitandani miaka sita. Mwaka wa pili wa ugonjwa huo, baba alibeba begi asubuhi, akasema anakwenda kutafuta dawa na atarudi jioni. Hakurudi. Fundi alilelewa na shangazi, na tangu utotoni alijua kwamba ugonjwa hauui peke yake, unaanza kwa kukuondolea watu.

Kwa hiyo akaficha. Kikombe kilipomponyoka mbele ya mchumba wake alisingizia sabuni. Kinyozi aliokota vigae bila mzaha wowote. Baada ya hapo akawa anamtazama sana mikono.

Siku ya nane tangu pini ile, nyuma ya pazia, Fundi aligusa sehemu ya kuandikia, na simu ikamteremshia orodha ya mambo yaliyokwisha kutafutwa. Katikati ya maneno yake palikuwa na mstari asioujua: mgonjwa wa mishipa ya fahamu huishi miaka mingapi.

Aliusoma mara tatu. Hakukumbuka kuuandika. Kijasho chembamba kikamtoka, maana kama anaandika na kusahau, basi ugonjwa umeshapanda kichwani. Akaandika upesi: kusahau mambo uliyoyafanya ni dalili ya nini. Kesho yake chini ya mstari huo pakawa na mwingine: msichana wa miaka ishirini na saba kupoteza kumbukumbu.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Akakaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa.

Siku ya kumi ulitokea mstari uliomfumbua macho: ni dhambi kumwacha mchumba mgonjwa?

Huo hakuuandika yeye. Yeye hana mchumba mgonjwa. Mgonjwa ni yeye mwenyewe. Simu hii alipewa na Kinyozi siku ya posa, na Kinyozi ndiye aliyeiwasha na kuitengeneza yote kabla ya kumkabidhi. Hakujua ni kwa njia gani, ila mkono ulioandika aliutambua. Hakuteremka kusoma zaidi. Aliandika ujumbe:

"Harusi isiwepo. Usinitafute, na wala huna dhambi."

Simu iliita mara saba. Hakupokea. Jioni shangazi alimkuta amejikunyata kitandani, akamkamua maneno moja moja mpaka yakaisha.

— Na daktari amesemaje?

— Sijaenda, shangazi. Nimesoma.

— Umesoma wapi, wewe uliyekuwa unakimbia hesabu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho unakwenda hospitali, hata kwa kubebwa mgongoni.

Asubuhi walipofika, kwenye benchi la wagonjwa alikuwa ameshakaa mtu mwenye nywele timutimu. Fundi alimgeukia shangazi yake, na shangazi akajifanya anasoma bango la chanjo ukutani.

Alikaa mwisho wa benchi. Alipanga kunyamaza, lakini moyo ulikuwa umejaa.

— Ni wewe uliyeandika.

— Ni mimi, alijibu Kinyozi. Simu zetu zina akaunti moja. Nilitumia yangu siku ile ili nisihangaike, nikasahau. Unachotafuta wewe kinakuja kwangu, na changu kinakuja kwako. Niliona ganzi, nikaona kupooza. Nikawa nasubiri uniambie.

— Ungeniuliza.

— Ningeulizaje bila kuonekana nakupeleleza? Nikatafuta na mimi. Kila nilichosoma kilikuwa kibaya kuliko cha jana.

— Na dhambi je?

Kinyozi aliinamisha kichwa. 

— Hata hiyo niliandika mimi. Hukusoma mistari iliyofuata?

— Ulionitosha niliuona.

Muuguzi akaita namba yake. Fundi alisimama akaingia bila kugeuka nyuma.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi alimmwagia yote kwa pumzi moja, ganzi, kikombe, hata jina refu la ugonjwa alilolikariri. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni vidole gani.

— Kidogo na cha pete.

— Hivyo viwili tu? Na kazi yako?

— Fundi cherehani. Mwezi huu nashona shanga kwa mkono, kwenye gauni langu mwenyewe.

— Hebu kaa kama unashona.

Fundi alivuta kiti. Bila kufikiri aliegemeza kiwiko cha kushoto kwenye ukingo wa meza, akakunja mkono kana kwamba ameshika kitambaa. Daktari akauinua mkono huo taratibu, akagonga kwa kidole upande wa ndani wa kiwiko. Kitu mfano wa umeme kikamchoma Fundi mpaka ncha ya kidole kidogo.

— Hapo, alisema daktari. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita hapa, na wewe umeulalia mwezi mzima. Na simu unaisoma ukiwa umekaaje?

Fundi alikunja mkono kumwonyesha, simu karibu na uso, kama anavyokaa nyuma ya pazia.

— Basi ukimaliza kuubana kwa kazi unaubana tena kwa kuusomea. Tutapima nguvu za mkono na damu ili tuwe na hakika, ila huo ugonjwa wako mrefu sijauona hapa. Usiegemee kiwiko, usikikunje muda mrefu, rudi baada ya wiki mbili. Ukipuuza, hapo ndipo utaharibika kweli.

Walipima vyote, na hapakuonekana baya lolote. Fundi alitoka amelegea kwa furaha, akatazama benchi. Shangazi alikuwa peke yake.

— Yuko wapi?

— Ametoka. Amesema anarudi sasa hivi.

Furaha yote ikamkauka. Alijua kwamba hata mwenye mkono mzima anaweza kuachwa.

— Hata baba alisema hivyo, shangazi.

Shangazi alimsogelea. Alimpa simu ya Kinyozi, ikiwa wazi.

— Amesema usome mwenyewe, yeye asiwepo kukukodolea macho.

Ilikuwa orodha ile ile. Chini ya mstari wa dhambi ilifuata mingine, ya siku hiyo hiyo. Jinsi ya kumnyanyua mgonjwa bila kumuumiza. Kumlisha mtu asiyeweza kushika kijiko. Nyumba isiyo na ngazi, kodi. Na wa mwisho: mwanamume kujifunza kusuka nywele za mke wake hatua kwa hatua.

Alikuwa bado anaukodolea macho mstari huo Kinyozi alipoingia na chupa tatu za maji, uso umemparama.

— Ni kiwiko, Fundi alimwambia.

— Kiwiko?

— Nakiegemea mezani. Basi.

Kinyozi alikaa chini kwanza, ndipo akafuta macho kwa kiganja.

— Kama jibu lingekuja kwamba si dhambi, aliuliza Fundi, ungeniacha?

— Sijui. Sitaki kukudanganya hapa hospitali. Niliogopa sana mchana ule. Ninachojua ni kwamba jioni yake nilikwenda kununua nywele za kufanyia mazoezi.

Fundi alitamani jibu tamu zaidi, lakini la baba yake lilikuwa tamu na halikumfaa. Akachukua chupa moja ya maji, akasogea karibu naye.

Harusi ilikuwepo. Kwa kuwa bibi harusi alikatazwa kukunja mkono na hakuweza kujisuka, alisukwa na bwana harusi, na mistari ilipinda kama njia ya mbuzi. Shangazi alitaka ifumuliwe, Fundi akakataa katakata.

Akaunti hawakuitenganisha. Mwezi mmoja baadaye hofu ilimrudia dukani, akashika simu kuandika kama ganzi huweza kurudi. Orodha ikateremka kabla hajaandika herufi, na chini kabisa palikuwa na mstari wa dakika chache zilizopita: mke wangu ondoa kiwiko mezani.

Fundi aliangalia mkono wake, akauondoa.