Koti Lenye Kifua

Mimi si mwoga. Muulize yeyote hapa mjini Sudbury, atakwambia Darlene aliwahi kumfukuza dubu jalalani kwa ufagio. Lakini kabati langu la nguo silifungui tena.

Jioni ile nilikwenda kanisani, kwenye mauzo ya nguo kuukuu, kutafuta blanketi la kuzuia kelele nyumbani. Theluji inaanguka, giza limeshaingia, nami nikakuta blanketi zimekwisha. Aili, bibi jirani yangu anayeuza pale, akanitolea koti la manyoya. Jeusi. Zito. Linanuka karafuumaiti.

"Hili litameza kelele zako zote," akasema. Kisha akanishika mkono na kunong'ona. "Ila la marehemu hilo, mwanangu. Litundike wazi. Usilifunge vifungo."

"Nikilifunga?"

"Litapata kifua."

Nikacheka. Bibi Aili naye na mambo yake!

Shida yangu ilikuwa mama. Mama yangu, Verna, yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, na sura yangu ameshaisahau. Ananitazama vile unavyomtazama mtu wa kwenye foleni. Kilichobaki ni sauti. Nikisema tu "Mama," uso unamchangamka, "Darlene wangu!" Basi nikaamua kumrekodia visa vyetu vya nyumbani, muuguzi awe anamwekea kila jioni, maana mimi kufika kila siku siwezi. Niliogopa kwamba asiponisikia, hata sauti itamtoka.

Studio ya kukodi ningeilipa na nini? Nilikuwa na kompyuta ya zamani, kipaza sauti cha bei ya chee nilichokivika soksi ili pumzi isikipige, na kabati la nguo linaloingia kiti. Makoti yananyonya mwangwi vizuri kabisa. Kilichonishinda ni bomba la tanuri la kupasha nyumba joto, linanguruma nyuma ya ukuta mchana na usiku.

Nikalitundika koti mbele ya bomba. Likaachama katikati, mngurumo ukapenya palepale. Sasa ningefanyaje? Nikalifunga. Vifungo vyote, mpaka shingoni.

Kimya.

Sisi tunaojirekodi nyumbani huanza kwa kurekodi kimya chenyewe. Unakaa tuli, kompyuta inajifunza kelele za chumba, halafu unaiamuru izifute kila zinapotokea. Nikavaa hedifoni. Nikabana pumzi.

Hhhh... hhhh...

Nikampigia kaka yangu Gord, ndiye aliyenifundisha hayo mambo.

"Gord," nikanong'ona, "kuna kitu kinapumua humu."

"Ni wewe huyo, kichwa maji!"

"Nimebana pumzi."

"Basi ni tanuri. Ioneshe kompyuta hiyo pumzi, halafu uifute. Au unataka nije nikushike mkono?"

Akakata huku anacheka. Nikasoma kisa cha siku baba alipobeba matunda ya blueberi ndani ya kofia yake mpaka kipara kikawa cha zambarau. Mama hukipenda hicho. Nilipomaliza, nikafuta ile pumzi kama nilivyoelekezwa, nikasikiliza.

Safi. Safi mno.

Sauti ilikuwa yangu, lakini haikupumua. Kisa kizima, haikuvuta pumzi hata mara moja. Ila nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mama, nikamtumia muuguzi hivyohivyo. Nikavua hedifoni.

Hhhh...

Sasa nilisikia kwa masikio yangu matupu. Nyuma ya shingo yangu.

Nikageuka polepole. Koti lilikuwa linatuna. Likashuka. Likatuna tena, vifungo vikakazana pale kifuani.

Mama yangu wee! Sijui nilitokaje. Nilijikuta jikoni, mlango wa kabati nimeubamiza, taa zote nimewasha. Simu ikaita. Muuguzi.

"Mama yako ana furaha leo," akasema. "Ngoja umsikie."

"Mama?"

"We nani?"

"Mimi, Mama. Darlene."

"Muongo!" Akateremsha sauti. "Darlene yuko hapa. Ananisomea."

Nikamsikia. Sauti yangu, safi, haipumui. Haikuwa inasoma kisa cha kofia. Ilikuwa inasimulia usiku wa siku tuliyomzika mdogo wangu, jambo ambalo sijawahi kulirekodi, wala kulisema kwa mtu.

"Mama," nikanong'ona, "huyo Darlene... amevaa nini?"

"Koti zuri. Ila mikono yake baridi, maskini."

Nikakimbia kabatini. Kitundikio kilikuwa kitupu, kinabembea.

Kesho yake nilikwenda kwa Aili. Hakunigombeza. Alinimiminia kahawa tu, akatazama theluji. Mwenye koti, alisema, alitupwa akiwa mtoto mchanga mlangoni pa watu. Alimtafuta mama yake maisha yake yote.

Rekodi nimeifuta. Koti halijaonekana. Muuguzi anaapa hajaona mgeni yeyote, ila chumba cha mama kinanuka karafuumaiti. Gord anasema sauti yangu ni ileile. Lakini nikimsemesha mama, analia na kuita watu wamtoe huyu mgeni.

Kwa hiyo naenda kabla jua halijazama, nakaa karibu naye, sisemi. Nikinyamaza, ananiruhusu nimshike mkono. Nalia kimyakimya, naye ananifuta machozi kwa kidole, kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa watu.

Jioni ikianza kuingia ananigusa bega.

"Nenda sasa, binti. Mwanangu anakuja."