Zahrin Hakaangi Ndizi

Saa kumi na moja jioni, siku ya Alhamisi, mafuta yalikuwa yamekwisha kuchemka kwenye karai la banda namba saba. Ilikuwa siku ya soko la jioni mjini Batu Seling, Malaysia. Syazana alichovya ndizi kwenye unga wa mchele uliokorogwa, akaitumbukiza. Mafuta yakalia chwaa.

Juu ya kichwa chake kulikuwa na ubao wa kijani. Uliandikwa: ZAHRIN, MFANYABIASHARA KIJANA WA KIMALAY.

"Zahrin, nifungie za watu wanne!" mteja mmoja aliita.

"Zahrin hayupo, mjomba. Yuko Kuala Lumpur, anapigwa na kiyoyozi. Mimi ni mikono yake tu."

Wateja walicheka, kama walivyocheka kila Alhamisi. Syazana naye alicheka, lakini kila mwisho wa mwezi alimlipa Zahrin kodi.

Mabanda yale yalijengwa na halmashauri kwa ajili ya vijana wa Kimalay, ili nao wapate pa kuanzia. Syazana alikuwa kijana, alikuwa Mmalay, na alikuwa na stashahada ya upishi. Aliomba banda mara mbili, akakosa mara mbili. Zahrin alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa tawi la chama. Yeye aliomba mara moja, akapata mabanda matatu, akayakodisha yote.

Katika banda hilohilo, upande wa pili wa meza, Kavitha aliuza chai ya maziwa. Aliimimina kutoka juu, kikombe kimoja hadi kingine, mpaka ikatoa povu.

"Wewe angalau unaruhusiwa kuomba, shoga," Kavitha alisema. "Mimi Mhindi. Mama yangu kazaliwa mtaa huu, lakini kuomba siwezi. Kukodi kwa Zahrin ndiyo naweza!"

Simu ya Syazana ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Zahrin. Alisoma, akauweka mwiko chini.

"Anasema uchaguzi wa jimbo ukiisha, banda anampa binamu yake. Tutafute pengine."

"Na wewe unamchagua nani safari hii?"

"Simchagui mtu. Wakubwa wanasema wanawasaidia Wamalay. Kumbe Mmalay mwenyewe ni Zahrin!"

Siku ya pili yake majirani walikusanyika nyumbani kwa Mwalimu Rohaya. Mwanawe alikuwa anaoa, na kwao karamu ya harusi hupikwa na mtaa mzima. Wanawake walimenya vitunguu chini ya turubai. Wanaume walisimama kwenye sufuria kubwa za mchuzi. Aliyeshika mwiko mrefu kuliko yote alikuwa Mzee Mokhsein, baba yake Syazana.

"Nimesikia hupigi kura," alisema bila kuacha kukoroga.

"Sipigi, baba."

"Hili turubai unalokaa chini yake limetoka wapi? Tawi la chama. Sahani? Tawi la chama. Mimi mtoto wa mgema utomvu wa miti ya mpira, nani alinipeleka shule ya bweni? Ni ule mpango wa kuwainua Wamalay. Bila mpango ule ningekuwa wapi leo?"

"Wewe ulifika shule, baba, kwa sababu ulikuwa maskini na ulikuwa na akili. Zahrin ana kipi kati ya hivyo viwili?"

Wanawake waliangua kicheko. Hata Mzee Mokhsein alitabasamu, akajifanya moshi umemwingia machoni.

"Basi nitakwenda," Syazana aliendelea, "lakini nitaandika kwenye karatasi ya kura: Zahrin hakaangi ndizi. Wasome wenyewe!"

Mwalimu Rohaya aliweka kisu chini. Alikuwa amestaafu ualimu, na kila uchaguzi alisimamia chumba kimoja cha kupigia kura.

"Nani atasoma, mwanangu?" aliuliza. "Nikiona maneno kwenye karatasi, naipeleka kwenye fungu la kura zenye mashaka. Inaweza kukataliwa. Mgombea haletewi barua yako. Anapewa idadi tu ya kura zilizokataliwa."

"Basi bora nibaki nyumbani."

"Subiri. Hivi mnajua kwa nini vyumba vya kupigia kura huitwa mikondo?"

Syazana hakujua.

"Wapiga kura hupangwa kwa umri. Mkondo wa kwanza ni wa wazee. Baba yako yumo humo, na viti wanapewa."

"Na tunastahili!" Mzee Mokhsein alidakia.

"Mkondo wa mwisho ni wa vijana. Hapa kwetu ni wa tano. Kila mkondo una sanduku lake, na kura zake huhesabiwa peke yake. Mawakala wa vyama wamekaa pale wanaandika. Kwa hiyo kila chama kinajua wazee wa Batu Seling wamesemaje na vijana wamesemaje. Uchaguzi uliopita, mkondo wa tano hawakufika hata nusu ya wapiga kura wake. Sasa niambie. Wewe ungekuwa mgombea, ungehangaika na mabanda ya vijana?"

Syazana alitazama kitunguu mkononi mwake. "Nisingehangaika," alisema polepole. "Ningehangaika na viti vya wazee."

"Hata kujiandikisha siku hizi hakuna. Ukitimiza miaka kumi na minane, jina linaingia lenyewe. Kazi yako ni kuangalia kwenye simu kituo chako kiko wapi, na kwenda na kitambulisho."

Mzee Mokhsein alisogea karibu, akateremsha sauti. "Mwalimu, zile karatasi si zina namba? Watu wa tawi watajua binti yangu kampigia nani. Tutanyang'anywa maturubai."

"Namba ni ya kuhesabia karatasi, zisipotee wala zisiongezwe. Karani hukata jina lako kwenye daftari, lakini haruhusiwi kuandika umepewa karatasi namba ngapi. Kura ni siri, Mzee. Hata yako."

"Hata yangu?" Mzee Mokhsein aliuliza. Akarudi kwenye sufuria yake.

"Sasa mwalimu, nimpigie nani?" Syazana aliuliza.

"Hilo usiniulize mimi. Mimi ni msimamizi. Waulize wagombea wenyewe, tena mbele za watu."

Wiki ile wagombea wawili walihutubia Batu Seling, kila mmoja usiku wake. Syazana alikwenda kote kuwili. Alifuatana na Kavitha na vijana wenzao wa sokoni. Kwa kila mgombea aliuliza swali moja.

"Mabanda ya vijana yana majina ya watu wasiokuwepo. Ukishinda, utaitaka halmashauri ije sokoni kukagua nani anafanya kazi na nani anakodisha?"

Mgombea wa kwanza alicheka. "Dada, tutaliangalia hilo. Vijana nawapenda sana."

"Unatupenda, lakini hujajibu!" Kavitha alipaza sauti. "Mkondo wa tano tupo hapa!"

"Mkondo wa tano tupo!" vijana waliitikia.

Mgombea aliacha kucheka. Alimwinamia msaidizi wake, wakanong'onezana. Kisha akaahidi ukaguzi. Usiku wa pili, yule mwenzake aliahidi ukaguzi kabla hata hajaulizwa. Akaongeza kwamba mabanda mengine yafunguliwe kwa kila mkazi, Mmalay au asiye Mmalay. Syazana alirekodi ahadi zote mbili.

Siku ya kupiga kura foleni ya mkondo wa tano ilizunguka jengo la shule. Mzee Mokhsein alipita na mkongojo wake kuelekea kwenye viti.

"Leo mna nini ninyi? Wanagawa wali?" aliwatania.

"Baba, pita kwa wazee wenzio!"

Zamu yake ilipofika, Syazana alitoa kitambulisho. Karani alisoma jina lake kwa sauti, akalikata. Mwingine alimpaka wino kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alipewa karatasi. Aliweka alama moja ndani ya kisanduku kimoja. Hakuandika neno lolote kuhusu ndizi. Akaikunja, akaitumbukiza.

Jioni matokeo yalitoka. Katika mkondo wa tano walikuwa wamepiga kura watu wengi kuliko katika mkondo wa kwanza. Mgombea wa pili alishinda. Nyumbani Mzee Mokhsein aliulizwa yeye alimpigia nani.

"Siri," alijibu, akamwomba Syazana chai.

Mwezi uliofuata ahadi ilikuwa haijatimizwa, na binamu yake Zahrin alikuwa bado hajaja kuchukua banda. Syazana na wenzake walikwenda ofisini kwa yule mshindi, sasa mbunge wao wa jimbo, wakamsikilizisha sauti yake mwenyewe. Baada ya hapo wakaguzi wa halmashauri walifika sokoni, na kila mwenye banda akatakiwa awepo.

Zahrin alikuja na shati lililopigwa pasi.

"Hebu endelea na kazi," mkaguzi alimwambia.

Zahrin alichukua ndizi, akairusha kwenye mafuta akiwa amesimama mbali. Mafuta yaliruka. Zahrin naye akaruka. Alipotua, alikuwa karibu na gari lake.

"Hakaangi," mkaguzi alisema, akaandika.

Mabanda yaliyokodishwa yalirudishwa kwa halmashauri. Mengi yaligawiwa upya kwa kura ya bahati, hadharani, kwa vijana wa Kimalay waliokwisha kuonekana wakifanya kazi. Machache yalifunguliwa kwa mkazi yeyote. Syazana alichomoa namba saba. Kavitha, kwenye yale machache, alichomoa karatasi tupu. Lakini kanuni mpya iliruhusu watu wawili, hata wasio wa kabila moja, kuandikishwa katika banda moja, na Syazana akamwandikisha siku hiyohiyo.

Alhamisi iliyofuata Mzee Mokhsein alipanda kwenye kiti na nyundo, akang'oa ubao wa kijani. Alipigilia mwingine: SYAZANA NA KAVITHA, NDIZI NA CHAI.

Mteja mmoja alifika mbio, macho yakiwa kwenye karai.

"Zahrin, nifungie za watu wanne!"

"Soma juu, mjomba," Kavitha alisema.

Mteja aliinua macho, akasoma, akaagiza na chai nne.