Mwalimu Aliyekanyaga Mraba Usio Wake

Enyi wazazi na walezi, nitegeeni sikio. Habari hii ni ya nyumba moja, lakini kikohozi chake chasikika katika nyingi.

Palikuwa na mwalimu wa hisabati aliyeitwa Bwana Kimya, kwa kuwa darasani mwake hata nzi alitua kwa adabu. Mchana mmoja alikuwa akila na mkewe na binti yao, upepo ukicheza na pazia, nyumba imetulia. Ghafla akanyoosha kijiko kama fimbo.

"Saba mara nane?"

Binti akashika tumbo. "Baba, linanikata."

"Mume wangu," mkewe akasema, "mtoto anakula au anafanya mtihani? Kila ukitaja hesabu tumbo linamkata. Hata langu limeanza!"

Jambo halikuwa la mzaha. Mwalimu mkuu alikwisha sema kuwa binti asipojua kuzidisha kufikia mwisho wa muhula, atarudia darasa. Akamwondoa darasani mwa baba yake, akampeleka chumba cha pili kwa mwalimu wa kike, kijana mchangamfu.

Asubuhi moja Bwana Kimya akasikia vishindo na vicheko kutoka chumba hicho. Damu ikamchemka. Mwanangu anazama, nao wanamchezesha! Akasukuma mlango, akaingia mpaka katikati.

Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani. Sakafuni palichorwa miraba kwa chaki, kila mmoja na namba yake. Mwalimu hutaja swali, mtoto hurukia jibu. Swali lilikuwa tatu mara tano. Bwana Kimya alisimama juu ya kumi na mbili.

"Amekosa!" darasa likalipuka.

"Nani amekosa? Mimi nimekuja kuku..."

"Uniwie radhi, mwalimu wangu," yule kijana akasema, akiuma midomo asicheke. "Hapa aliyekanyaga amejibu. Labda mwenzake amwokoe."

Mkono mmoja ukainuka: wa binti yake.

"Baba, hesabu tano tano! Tano, kumi, kumi na tano! Mraba wa kulia kwako. Ruka, usiogope!"

Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Hakupata kumsikia mtoto huyu akihesabu pasipo kulazimishwa. Akakunja suruali, akaruka. Kofia ikaenda upande wake.

"Umepata!" binti akapiga makofi. "Haya, sita mara tisa?"

"Hamsini na nne."

"Usiseme, baba. Ruka!"

Akaruka mpaka jasho likamtoka. Muhula ulipokwisha, binti alipanda darasa kwa alama zake mwenyewe, na Bwana Kimya akawa anaomba chaki za rangi achore miraba darasani mwake, jina lake limekwisha kuwa uongo.

FUNZO

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Hawakusema umkunje kwa nyundo. Mola aliyempa mtoto akili ndiye aliyempa miguu ya kurukia na kinywa cha kuchekea. Mfundishe kwa vyote. Hofu humkaririsha leo, kesho akasahau. Furaha humrudisha kwenye somo bila kuitwa.