Maji Aliyoyatia Saadiya

Jua lilikuwa likizama nilipobisha hodi kwa mjane wa Badawi, kule Mokowe, kununua gari. Sikwenda kutafuta mambo ya majini mimi. Nilichoka kutembea tu! Mimi na Wazir, mume wa dada yangu Mwana, tulikuwa na duka la nguo katika mji wa Hindi, bara, na kila asubuhi tukivuka maji kutoka Lamu hadi Mokowe, kisha tukisaga soli mpaka dukani. Lori likitokea, bahati. Lisipotokea, jua na vumbi ni vyetu.

Gari yenyewe ilikuwa Ostini kuukuu ya kabla ya vita, imelala uani chini ya banda la makuti. Badawi alifia chini yake. Ilimharibikia njiani, akaingia uvunguni kuitengeneza, jeki ikateleza. Wazir ndiye aliyekuwa naye, ndiye aliyemrudisha kwa mkokoteni, na mazikoni hakuna aliyelia kumshinda.

Wengi walikwisha kuitaka gari ile, na Saadiya, yule mjane, aliwakatalia wote. Alikuwa bado edani, akasema nami nyuma ya pazia. Wazir hakuingia. Alisema atanisubiri gatini.

"Utaipanda na nani, Bwana Alwi?"

"Na shemeji yangu, Wazir."

"Kila siku?"

"Kila siku, inshallah. Kwenda na kurudi."

Nikasikia pumzi ikimtoka. Ufunguo ukapenyezwa chini ya pazia.

"Chukua. Lakini mai ya rejeta usiyamwage. Nimeyatia mwenyewe."

Nikacheka moyoni. Mwanamke na rejeta wapi na wapi!

Nilivua kanzu nikaingia kazini. Nikasugua plagi, nikabadili mkanda wa feni, nikaziba mipira viraka juu ya viraka, nikamwaga oili nyeusi tii. Rejeta ilikuwa ikivuja, tone, tone, nami nikichungulia kila mara. Maji hayapungui! Nilipopiga hendeli injini ikashika, na ilipopata moto ikaja harufu.

Kafuri.

Kafuri na marashi, vile vile inavyonukia nyumba yenye maiti. Nikajiambia labda Badawi alikuwa akipakia dawa za duka. Mtu akiitaka gari hujidanganya hivyo.

Nikiwa peke yangu haikuwa na neno. Lakini akipanda Wazir...

Ngo... ngo... ngo.

Chini ya sakafu, miguuni pake hasa, kama fundi anayegonga kwa spana.

"Ni nini hiyo?" alininong'oneza.

"Ekzosi. Au mkeo anakukumbusha kanga zake."

Hakucheka. Alipandisha miguu juu ya kiti, mtu mzima mwenye ndevu! Haikupita muda akaapa hapandi tena, akarudia kwenda kwa miguu. Nami nikamwita mwoga mbele ya wateja, maana nilikuwa nimeudhika. Gari nimeitengeneza kwa ajili yetu sote, yeye anakwenda kwa miguu!

Hata siku moja, baada ya Alasiri, mtu alikuja mbio dukani kutoka Mokowe na habari za nyumbani Lamu. Mwana ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na analilia kumwona mumewe kabla hajafa. Mwana ndiye ndugu yangu wa pekee. Mama alinikabidhi yeye wakati roho inamtoka.

"Ingia garini," nikamwambia Wazir.

"Nitakimbia, shemeji."

"Mkeo anakufa nawe utakimbia? Ingia, wallahi nitakufunga kamba!"

Nikamshika ukosi, nikamsukuma ndani, nikaubamiza mlango.

Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kugonga kulianza kabla hatujaziacha nyumba za Hindi. Jua lilikuwa linashuka nyuma yetu, mvuke mweupe ukifuka kwenye boneti, na kafuri imejaa mpaka macho yananichoma. Wazir alikuwa akisoma Ayatul Kursiyu, anaikosea, anaanza upya.

Pale Badawi alipofia, injini ikazima. Breki sikuigusa.

Kugonga kukakoma. Kisha chini yetu mtu akakohoa.

"Jeki niliitoa mimi," Wazir akanong'ona. Hakusema nami. Alikuwa akisema na sakafu. "Nimekoma, Badawi. Nakuja nikusaidie... nakuja."

Akafungua mlango, akalala chali vumbini, akajisogeza uvunguni. Lahaula! Niliruka nikamdaka mguu. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kule ndani kuna aliyevuta kunishinda.

Gari ikashuka.

Ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake yote, mipira imejaa upepo. Ikashuka taratibu, kama mtu mnene anayeketi kitandani, ikamkalia kifuani. Ilipoinuka tena, Wazir alikwisha.

Kwa nini aliitoa jeki, sijui mpaka leo. Wako wasemao aliitaka gari, wako wasemao alimtaka Saadiya. Nijualo ni kwamba Mwana alijifungua salama Magharibi ile, mtoto wa kiume, na maiti ya baba yake ikaingia nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, wakati mtoto bado hajakaushwa.

Na kabla maiti haijaoshwa, Saadiya akaja. Mjane aliye edani, akavuka maji! Wanawake walishika vinywa. Akapita moja kwa moja hadi kitandani kwa Mwana, wakanong'onezana. Nilimvizia mlangoni, hasira zimenipanda.

"Yalikuwa maji gani, Bi Saadiya?"

"Ya ufuoni," akasema. "Mume wangu alikuwa na haki yake. Ameichukua."

Ufuo ni lile shimo tunalochimba ndani ya nyumba kupokea maji ya kuoshea maiti, kisha hufukiwa. Hayachotwi hata tone.

"Na Mwana ana kosa gani? Umemfanya mjane kama wewe!"

"Aliniuliza mumewe alipata vipi kupanda gari, naye alikuwa ameapa hapandi. Nikamwambia, hilo muulize kaka yako."

Nilimwosha shemeji kwa mikono yangu. Nikamwaga maji debe kwa debe. Lakini nilipokwenda kuufukia ufuo, udongo wake ulikuwa mkavu.

Gari nimeiacha bara ioze. Mwana yuko arubaini ya uzazi, hatoki, na tangu maziko hajanisemesha. Lakini kila nikirudi msikitini Magharibi nakuta bilauri ya maji imewekwa mahali ninapoketi. Siigusi. Nakunywa kwa majirani, kama mwizi.

Leo ameileta mwenyewe, mtoto begani. Nilimwambia Mwana, nilikuwa namkimbiza mumeo kwako, nilitaka umwone. Nikalia mbele yake bila haya.

Akaiweka bilauri mkononi mwangu.

"Kunywa, kaka."

Ameketi mbele yangu, anangoja. Nainusa, nainusa tena. Sijui kama ni kafuri, au ni mikono yangu tu iliyomwosha Wazir. Hii ni nyumba ya mawe, na chini ya sakafu hii ni udongo mtupu...

Ngo... ngo...

Miguuni pangu.