Sisimizi Kwenye Chupa ya Likwata

Bwana Abdulatifu, mfanyabiashara wa ufuta, alikutwa amekufa kitandani asubuhi ya Jumatatu. Mkono mmoja ulining'inia, na chini ya mkono ule palikuwa na chupa. Chupa yenyewe haikuwa na makuu: ya kijani, nusu imejaa, shingoni imefungwa ukili wenye mafundo matatu. Lakini hiyo ilikuwa Somanga ya mwaka 1905, vita vya Maji Maji vimepamba moto, na chupa ya namna hiyo ilitosha kumnyongesha mtu.

Kabla maiti haijaoshwa, Bwana Luteni wa kambi ya Wadachi alikuwa ameshaiona chupa na ameshauliza mafundo yale ni ya nani. Akaambiwa ni alama ya Likwata, mganga wa Kinjumbi. Saa nne Likwata alikuwa ndani, minyororo miguuni.

"Ama amemuua kwa sumu, ama amempa maji ya vita," alisema Luteni. "Yote mawili adhabu yake kamba. Kesho alasiri. Shaushi, niletee ushahidi."

Shaushi Fakihi alipiga saluti. Alikuwa mtu wa Kilwa, askari wa miaka kumi na mmoja, mtu asiyedanganywa kirahisi. Siku ile jasho lilimtoka kwapani, na hakuna aliyejua kwa nini. Nyumbani kwake, nyuma ya mtungi, ilikuwako chupa nyingine yenye mafundo matatu. Ilikuwa ya mkewe, Maftaha. Mwaka wa pili sasa Maftaha alikuwa na ugonjwa ule ule wa marehemu: kiu isiyokatika, mwili unaokwisha, mkojo mtamu unaokusanya sisimizi chooni. Likwata akinyongwa, Maftaha hana dawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi, mengine yalikuwa makaratasi.

Alianza na maiti. Jeraha hakuna. Povu hakuna, matapishi hakuna. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Daktari wa kambi, Mdachi mzee mwenye kikohozi, alifunua kope, akanusa kinywa, akasimama.

"Sumu, Bwana Daktari?"

"Sioni sumu. Alikuwa mgonjwa wa mkojo mtamu?"

"Ndiyo."

"Basi ugonjwa wake ndio uliomuua."

"Kwenu Ulaya mnautibu kwa nini?"

Daktari alifunga mkoba wake taratibu. "Tunamkataza mgonjwa sukari na unga. Halafu tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Afe, Shaushi. Dawa hatuna. Hatuna kabisa."

Loo! Fakihi alikuwa ameficha moyoni katumaini kadogo kwamba siku moja, akipata ujasiri, angempeleka Maftaha kwa mtu huyu. Alisimama pale na kofia mkononi, asijue aiweke wapi.

Kisha akaiokota chupa. Msururu wa sisimizi ulikuwa umetoka ufa wa ukuta, umepanda shingo ya chupa, umeingia ndani. Fakihi aliwatazama kwa muda mrefu. Dawa ya Maftaha ilikuwa chungu balaa. Ilipomwagika sakafuni hakuna mdudu aliyeigusa, na Maftaha mwenyewe alikuwa akiinywa amefumba macho. Alichovya kidole akaonja. Tamu! Ilikuwa asali, tena na harufu ya zafarani, na chini ya chupa mashapo ya manjano.

Alikwenda mahabusu mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta ufunguo?"

"Nimeleta maswali. Dawa uliyompa Abdulatifu ni ile ile ya nyumbani kwangu?"

"Ile ile. Kokwa za zambarau na magome ya mti mmoja wa porini."

"Unatia asali?"

"Asali!" Mzee alishtuka mpaka minyororo ikalia. "Mgonjwa wa mkojo mtamu nimpe asali? Una akili wewe?"

Fakihi alishusha sauti. "Mzee, niambie kweli. Dawa yako inaponya?"

Likwata alimtazama. "Anayeuliza ni askari au ni mume?"

"Wote wawili."

"Haiponyi. Sijaponya hata mmoja. Inatuliza. Mtu akinywa, akaacha tende na wali mwingi, sisimizi wanapungua. Wengine nimekaa nao miaka. Wengine wamenifia mikononi, na sijui kwa nini. Tena akizidisha, au akinywa bila kula, anatetemeka na kuanguka. Ndiyo maana siigawi ovyo."

"Huo mti wa porini ni upi?"

"Nitoe nikakuonyeshe. Ukiutafuta kwa kuambiwa utabandua magome ya pacha wake, na huo pacha unaua siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe marehemu baba alinionyesha mara saba."

Alasiri, baada ya mazishi, Fakihi alirudi nyumba ya msiba. Mjane, Bi Mwahija, alikuwa ameingia eda, kwa hiyo ilimbidi amhoji akiwa nyuma ya pazia. Uso hakuuona. Aliona vidole tu, vikishika upindo wa pazia, na chini ya kucha rangi ya manjano.

"Bi Mwahija, makiwa."

"Tumeshapoa, Bwana Shaushi."

"Siku za mwisho mume wako alikuwaje?"

"Kiu. Alikunywa mtungi mzima kwa siku. Jana alihema kama mtu aliyekimbia, na pumzi ikanuka embe bovu."

"Sisimizi chooni?"

"Walikuwa wameondoka. Wakarudi."

"Lini?"

"Siku ya kumi leo."

"Nani alimpa dawa?"

"Mimi. Yeye macho yalikuwa yamekwisha. Chupa akiijua kwa kupapasa yale mafundo."

"Wewe ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Unaandika?"

"Naandika."

"Unaandika makombe?"

Vidole viliachia pazia. Fakihi alingoja. Alijua mtu akifika pale hasukumwi.

"Sikumuua," ilisema sauti.

"Sijasema umemuua. Dawa ya Likwata iko wapi?"

"Niliimwaga."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza wewe?" Sauti ilipanda, ikakatika. "Wewe, Shaushi Fakihi? Si wewe uliyesimama barazani kwetu siku kumi na mbili zilizopita, na tarumbeta na askari? Ukatangaza kwamba atakayekutwa na dawa ya maji kutoka bara atanyongwa mlangoni pake! Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Nikaona nikiiacha, watamnyonga mzee kipofu. Nikaimwaga shimoni."

Tangazo lile Fakihi alilikumbuka neno kwa neno. Siku ile alilitangaza kwa sauti kubwa, kisha akaenda nyumbani akaificha chupa ya mkewe nyuma ya mtungi.

"Endelea, Bi Mwahija."

"Nikasema, je, nimwache bila dawa? Nikachukua sahani nyeupe, nikaandika aya za shifaa kwa zafarani, nikaziosha kwa maji na asali. Asali ni dawa, tumeambiwa. Kombe haliwezi kumdhuru Mwislamu. Nikatia katika chupa ile ile, maana akikosa mafundo angeuliza, na akiuliza angepiga kelele, majirani wakasikia."

"Hakuona ladha imebadilika?"

Alianza kulia. "Nilimwambia Likwata amepata dawa mpya. Alifurahi! Miaka mitatu hajaonja kitamu. Akaniambia, 'Mwahija, leo dawa imekuwa na huruma.' Akawa anaiomba yeye mwenyewe, asubuhi, mchana, jioni. Nami nikimzidishia asali, ili afurahi. Na asubuhi, Luteni alipouliza mafundo ni ya nani, nilinyamaza. Niliogopa. Andika hivyo."

Fakihi aliandika hivyo. Muuaji alikuwa amepatikana na hakuwa muuaji, na aliyemtisha alikuwa ndiye anayeandika.

Jumanne asubuhi alimweleza Luteni kwamba Daktari hakuona sumu, kisha akamsomea ungamo lote.

"Maneno ya mwanamke," alisema Luteni. "Nitajuaje kwamba yaliyokuwa ndani zamani hayakuwa maji ya vita?"

Hapo Fakihi alifanya jambo ambalo mpaka anaingia kaburini alilijutia. Alitoa katika mkoba chupa ya Maftaha, yenye mafundo matatu.

"Onja, Bwana Luteni. Dawa yake halisi ni hii. Chungu, sisimizi hawaisogelei. Ni dawa ya wagonjwa, si ya vita."

Luteni alionja, akatema. "Umeipata wapi?"

"Nyumba moja, Bwana. Wagonjwa tu."

"Nyumba moja. Na ile ya jana, mbili. Kwa hiyo mganga huyu amegawa maji yake mpaka chini ya pua yangu." Aliigeuza chupa juu chini. Dawa ilimwagika mchangani, ikanywewa yote. "Ushahidi mzuri, Shaushi. Yule mwanamke mwache. Alisikia amri akaimwaga, ni raia mwema."

"Bwana Luteni, mzee huyu hana hatia!"

"Nenda kapange askari."

Alikwenda kuwapanga. Angefanya nini? Alasiri ilipofika alimsogelea Likwata, mikono ya mzee imefungwa nyuma, na akamnong'oneza kama mtoto anayeomba: "Mzee, jani lake likoje? Niambie tu jani."

"Wa kwangu na wa pacha, jani ni moja," alisema Likwata. "Harufu ya gome ndiyo inayotofautisha, na harufu haisemeki. Msamehe mkeo akikulaumu. Mkataze tende."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Nyumbani Maftaha alikuwa ameketi mkekani na kata ya maji. Alitazama nyuma ya mtungi, akamtazama mumewe. Hakuuliza chupa iko wapi.

"Wamemnyonga?"

"Wamemnyonga."

"Na aliyemuua Abdulatifu umempata?"

Fakihi alivua kofia. "Nimempata. Ni mimi na tarumbeta yangu." Akamweleza yote, hata ile chupa iliyomwagwa, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akanywa maji, akajaza kata tena, akanywa.

Siku ya tano sisimizi walirudi chooni. Maftaha ndiye aliyewaona kwanza. Aliingia ndani, akatoa sahani nyeupe ya harusi yao, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Nipelekee kwa Bi Mwahija," alisema.

"Maftaha, haitakusaidia."

"Najua. Una nyingine?"

Hakuwa nayo. Aliichukua sahani, akapita sokoni mchana kweupe akiwa na sare yake, watu wakimpisha. Akaipitisha chini ya pazia la mjane. Vidole vilitoka vikaipokea. Kucha zilikuwa zimesuguliwa mpaka zimechubuka.

"Ya nani?" iliuliza sauti.

"Ya mke wangu. Mkojo mtamu."

"Nitaandika," alisema Bi Mwahija. "Lakini asali sitii."

"Usitie," alisema Shaushi Fakihi, akaketi barazani kungoja.