Tufe la Dokta Amédée

— Mathilde, muntu wako anakuya saa ngapi? Kuku inapoa.

Baba aliuliza mara ya tatu. Wajomba wawili walikuwa wametoka Kabongo kumpokea Dokta Amédée, aje anipose kwa heshima. Simu ikalia. Nilisoma ujumbe polepole, maana shule niliiachia darasa la nne.

“Chérie, leo siwezi. Niko terrain ya michezo natupa boule. Mashindano iko karibu.”

Niliangalia chini. Tufe lake la chuma, hiyo boule, lilikuwa miguuni pangu, nililisugua asubuhi. Kamina nzima ina tufe moja tu, hilo, ambalo baba alimtengenezea Amédée katika karakana ya reli, alipokuwa mtu wa kwanza hapa kuanza mchezo wa kutupa tufe. Mwaka mzima mimi ndiye niliyeliokota kwenye matope, nikapima umbali kwa kamba, nikaliosha, nikalilaza nyumbani.

Nikampigia.

— Amédée, unatupa nini?

— Boule, chérie. Nachoka sana!

Nyuma yake sauti ya mama mmoja ikaita:

— Mukwe, kuya ukule! Chancelvie anakungojea!

Simu ikakatika. Nilikumbuka mkono wake, alivyoupangusa kwa spiriti ya hospitali kila alipomaliza kumsalimia baba.

Kesho yake saa kumi akaja, suruali nyeupe, meno yote nje.

— Mathilde wangu, nipe boule.

— Na jana ulitupa gani?

Akasogea karibu.

— Sikia. Chancelvie anasoma. Familia yangu njo banataka vile. Lakini minyi napenda weye. Tutaendelea tu, bila makelele.

— Mu majani ya terrain, kwa kujificha?

— Weye uko muntu wa kuokota boule, Mathilde. Bibi ya dokta ni kitu ingine.

Baba alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Nikalinyanyua tufe.

— Papa, hii ni kazi ya mikono yako. Naomba ruhusa.

— Fanya, mwana.

Nyuma ya nyumba choo chetu cha zamani kilikuwa kimebomoka, shimo wazi, nzi juu yake. Amédée akanifuata mbio. Nikalibana tufe shingoni kama alivyozoea yeye.

— Hapana, Mathilde! Iko moja tu!

Nikasukuma. Tubwi! Harufu ikafumuka, matone yakarukia suruali nyeupe. Amédée akaziba pua, akapiga magoti ukingoni.

Nikatoa kamba ya kupimia, nikamtupia bila kumgusa.

— Ingia upime, Dokta.