Aliyesuka Ekee Alishakufa

Kwa maneno ya Gladys, jirani wa boma la juu pale Manga, Ochoki alionekana Jumanne soko la Nyaramba akimkabidhi mwanamke ekee. Mwanamke akaikumbatia kifuani, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gladys aliapa aliona kwa macho yake mawili, ingawa mwanzoni alikuwa amesema aliambiwa na mtu wa bodaboda.

"Ekee, Nyanchama! Si sufuria! Mwanaume anampelekea mwanamke kikapu cha kupakulia ugali wa wimbi, wewe unaelewa nini hapo?"

Nyanchama aliendelea kumenya ndizi, ila maganda yalianza kutoka mazito. Jumapili wazee wa kina Ochoki walikuwa waje kwao kuongea mahari.

Akamwandikia Ochoki kwenye simu: "Jumanne ulikuwa wapi?"

Jibu likaja haraka mno: "Gesima, kuchuma majani chai. Kwani?"

Hiyo "kwani" ndiyo iliyomchoma. Mtu asiye na neno haulizi kwani.

Ijumaa asubuhi akafika Nyaramba. Hakuuliza mtu. Alizunguka polepole mpaka akaiona, imening'inia kwenye kibanda cha samaki wa omena, imejaa ndimu. Akasogea.

Mzunguko wa mabua ulikwenda kushoto.

Manga nzima, ni mtu mmoja tu aliyesuka hivyo: yeye mwenyewe. Miaka miwili nyuma, siku ya wageni wa binamu yake Phanice, shangazi Nyanchera aliisukuma ekee hiyo pembeni mbele ya watu wote: "Wageni hawapakuliwi kwa kazi ya mkono wa kushoto." Watu wakacheka. Nyanchama akampa Ochoki: kachome, na usinitajie kusuka tena. Tangu siku hiyo aliamini mikono yake imepinda.

"Dada, nani alikupa hii?"

"Ochoki, yule wa majani chai," mwenye kibanda akasema. "Wewe ni nani yake?"

"Nani yake si ni wewe uliyepewa ekee?"

"Mimi? Yawa! Mimi Gentrix wa omena. Huyo namjua kwa kubembeleza nimwongezee, basi." Akacheka. "Alikuja na mayai ndani ya hiyo. Nikamwambia, mayai baki nayo, nipe kikapu. Karibu nilie! Nimezaliwa kwa wasukaji, lakini mkono kama huu sijaona. Nikamwomba anipeleke kwa aliyesuka, anifanyie mbili za mama yangu. Akasema haiwezekani."

"Kwa nini?"

Gentrix akashusha sauti. "Alishakufa, maskini."

"Alikufa na nini?"

"Hakusema. Ila ni kama miaka miwili sasa."

Ukingoni palikuwa na bua lililochomoka. Nyanchama akalilowesha kwa mate, akalirudisha mahali pake kwa mkono wa kushoto, bila hata kutazama. Gentrix akaangalia vile vidole, akaangalia ekee.

"Woi! Marehemu ni wewe!"

Nyanchama akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Gesima, mpenzi."

"Mimi niko kaburini Nyaramba. Nimezungukwa na omena."

"Nyanchama, nielewe. Nilishindwa kuichoma. Mama alikuwa anasafisha ghala nilimoificha, nikaogopa utaiona, nikaitoa kwenda nayo sokoni. Halafu yule mama wa omena akanishika, anataka mwenyewe aliyeisuka, anataka mwenyewe! Angekuja kwenu, ungelia tena."

"Kwa hivyo ukaniua."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na Gesima? Hiyo ilikuwa inamlinda nani?"

Nyanchama akakata simu.

Alirudi nyumbani na hasira yake yote. Akatoa mabua ya wimbi darini kwa mama, akayalowesha, akakaa mlangoni. Mzunguko wa kwanza ulipinda, akafumua. Wa pili akafumua. Wa tatu ukaenda wenyewe, kushoto, kushoto, mpaka akajikuta anaimba wimbo wa makambi ya kanisa na chai imemwagikia moto.

Gladys akaja kuchukua habari.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Kaa hapa, nishikie huu mwisho."

Nyanchama alitaka kufika ukingoni kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mikono ilikuwa na furaha; moyo ulikuwa bado unapima. Aliyeshindwa kuchoma kazi yake ndiye huyo huyo aliyemzika kwa mdomo akiwa hai. Kesho yeye Nyanchama akiugua, Ochoki atawaambia watu nini?

Simu ikatetemeka kwenye kigoda. Gladys, bila kuombwa, akasoma kwa sauti:

"'Wazee wanauliza Jumapili tuje ama tusije. Nisamehe. Niambie neno moja tu.'" Akainua macho. "Haya, mama. Nimwandikie nini?"

Nyanchama akachagua bua refu, akalipitisha midomoni kulilainisha, akalipinda kushoto. "Mwandikie asubiri, marehemu bado anasuka."